Saeed Huitika, Haanzi

Mume wangu Saeed hakupata kuanza wimbo hata mmoja maishani mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Maskati wa rika letu wakimtaja humtaja kuwa ni mwimbaji, na mimi niliyeishi naye miaka arubaini na tatu najua kuwa hakuwa mwimbaji. Alikuwa mwitikiaji. Mwimbaji alikuwa Msellem, na Msellem amekufa.

Walikutana mwaka wa sabini na tano, wote wawili vijana waliorudi kutoka Afrika Mashariki, Saeed kutoka Unguja na Msellem kutoka Tabora. Siku hizo mtu akijua Kiingereza na kuandika barua, hapa Maskati alipata kazi kabla hajamaliza kahawa yake. Wakaajiriwa katika ghala la kampuni moja ya mafuta, wakapanga chumba kimoja Wadi Kabir, na kila siku wakawa wanakwaruzana. Saeed alimcheka Msellem kwa Kiswahili chake cha bara, Msellem naye akasema watu wa Unguja wanazungumza huku wanatafuna halua. Sijui wangeishia wapi kama si mhandisi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anarejea kwao, akawaachia redio yake ya kaseti, na ndani yake kaseti moja.

Ndani ya kaseti hiyo walikuwamo Roscoe na Lavelle. Hao nimesimuliwa habari zao mara nyingi kuliko habari za babu zangu. Walikuwa Wamarekani weusi waliozaliwa mtaa mmoja, katika mji mdogo wa Ohio, wakaanza kuimba kanisani kwa baba yake Roscoe. Roscoe ana sauti nzito, Lavelle nyembamba. Roscoe anaanza, Lavelle anaitika. Walipofika miaka kumi na tisa wakatoa santuri yao ya kwanza, na wimbo uliowapandisha ulikuwa wa mtu anayemwambia mpenzi wake: niite tu, popote nilipo nitakuja. Kwa miaka minne redio za kwao hazikupumzika. Wakavaa suti za kitambaa kimoja na viatu vyeupe, wakazunguka miji yote, wakaombwa picha mpaka na wazee. Halafu wakagombana. Saeed alishikilia kwamba Roscoe ndiye aliyeharibu, alitaka jina lake liandikwe peke yake kwenye matangazo. Msellem alishikilia kwamba Lavelle alikuwa mvivu wa mazoezi. Mimi niliwaambia: wao wawili, na nyinyi wawili pia, hamna kazi ya kufanya.

Lavelle akaishia kuendesha basi la shule. Miaka kumi ikapita, watu wa mji wake wakamwomba apande jukwaani tena, siku moja tu. Hapa Saeed alikuwa akishusha sauti, maana habari hii aliisoma kwenye gazeti alilotumiwa na yule mhandisi na ilimkaa moyoni. Lavelle akapanda. Wapigaji wakaanza ule wimbo wa kuitana, na Lavelle akasimama tu, kwa sababu wimbo ule hauanzi yeye. Wapigaji wakarudia mwanzo, mara ya pili, mara ya tatu. Na Roscoe alikuwamo ukumbini, amekaa safu ya nyuma na koti lake, watu wamemwona. Hakufungua mdomo. Lavelle akashuka jukwaani akaenda zake, na huo ndio ukawa mwisho wao.

"Kwa nini hakuimba?" nilikuwa nikimuuliza Saeed.

"Nani ajuaye, mama Anas? Labda kaona haya, mbele ya watu wote wale."

"Haya ya nini? Mwenziwe kasimama kama nguzo, yeye anaona haya! Mjinga huyo. Ningekuwa mimi ningemuanzia pale pale nlipokaa."

"Wewe na sauti yako hiyo?"

"Na sauti yangu hii hii."

Akicheka hapo mpaka machozi. Sauti yangu ni kichekesho cha nyumba. Siku ya harusi ya shoga yangu mmoja nilipiga kigelegele, kikavunjika katikati, kikaruka juu halafu kikashuka kikohozi, na Saeed akakisikia kutoka upande wa wanaume akajua ni mimi. Tulikuwa tumeposana tu wakati huo. Alinambia baadaye kwamba hakuna mwengine Maskati nzima mwenye kigelegele kama kile, alhamdulillahi.

Basi, Saeed na Msellem wakajifanya Roscoe na Lavelle wa hapa. Walishona suti za rangi ya kahawia kwa fundi mmoja Ruwi, kitambaa kimoja, wakawa wanaimba kwenye sherehe za kampuni, kisha hotelini, kisha kwenye mahafali ya watoto wa watu. Hawakupata kuimba wimbo wao wenyewe hata siku moja, na hawakutaka. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, nina madaftari ya kusahihisha na watoto watatu, na kila jioni Msellem yumo sebuleni kwangu anaita, na mume wangu anaitika kwa sauti ambayo mimi hakupata kunitolea. Nitasema kweli: nilikuwa na wivu. Wivu wa mke mwenza. Niliwafukuza, wakawa wanakwenda kufanya mazoezi Yiti kila Ijumaa, wanaegesha gari ufukweni na kuimba madirisha yamefungwa. Saeed alinibembeleza nijifunze ule mstari wa mwanzo, maneno sita tu, ili Msellem akiwa na udhuru tuimbe mimi na yeye. Miaka arubaini nilikataa. Nilimwambia mimi si Mmarekani.

Msellem alikufa mwaka juzi. Saeed akarudi kutoka makaburini, akaitundika suti ya kahawia ndani ya kabati, na hakuimba tena.

Mwaka jana, asubuhi moja, tulikuwa nyumbani Mawaleh, mimi na yeye tunapunguza majani ya mlimau. Nikamsikia anasema "mama A..." na mkasi ukamponyoka. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukafa, na maneno yakaenda yote. Akili ilibaki. Alijua kila kitu, alicheka pahala pa kucheka, alikasirika nikimvisha kanzu yenye pasi mbaya. Lakini akitaka maji anafungua mdomo na hakitoki kitu, anabaki ananitazama, na mimi namtazama. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini, na kumpa mume wangu neno moja, "maji", sikuweza.

Hospitali walitupa binti mmoja, Shurooq, mtaalamu wa kufundisha watu kusema upya. Umri wake ni wa mjukuu wangu, na subira yake sijapata kuiona. Miezi ikapita bila kitu. Siku moja akaniuliza kuna wimbo gani baba anaujua kwa moyo, maana mara nyengine asiyeweza kusema huweza kuimba. Nikacheka kicheko kibaya. Tukampigia wimbo wenyewe wa kaseti kwenye simu. Midomo yake ikacheza, lakini Roscoe wa kwenye simu hakumngojea, alikwenda zake na wimbo wake. Shurooq akasema, "Anahitaji mtu amuanzie, mama, halafu amngoje."

Chumbani tulikuwa mimi, yeye na mgonjwa. Nikaimba. Yale maneno sita niliyoyakataa miaka arubaini, kumbe nilikuwa nayo yote, na nikayaimba kwa sauti yangu ya kufukuzia kuku.

Saeed akaitika. Kiingereza chote, safi, herufi kwa herufi, na sauti ile nyembamba haikupungua hata chembe. Nikakaa kitini nikalia, na sikulia kwa furaha peke yake. Nilikuwa na hasira pia, hasira na nafsi yangu, ya miaka yote ile.

Hakuweza kumwitika mwengine. Mwanetu Anas ana sauti nzuri kuliko mimi, alijaribu, Saeed akamtazama kwa huruma tu. Wakanirekodi kwenye simu, akaisikiliza simu kisha akageuza shingo kunitafuta nilipo. Shurooq alisema kila mgonjwa na mlango wake, na mlango wa huyu ni wewe.

Hapo ndipo likaja jambo la Nouf.

Nouf ni kitinda mimba wetu. Aliposwa na Ayman, kijana mwema, daktari wa meno, familia yake ni ya ndani ya nchi, upande wa Nizwa, watu wa dini na heshima wasiojua neno la Kiswahili. Anas alimwambia baba yake kwamba asisumbuke, siku ya akdi, ya kufunga ndoa, yeye atakuwa wakili wake na atatamka maneno. Saeed akatikisa kichwa kukataa. Anas akarudia. Saeed akapiga meza kwa mkono wake mzima mpaka kikombe kikaanguka, halafu akajipiga kifuani. Hajar, dada yake Nouf, Saeed alimuozesha kwa mdomo wake mwenyewe. Kwake yeye, baba aliye hai na akili zake hamtumi mtu.

Nilimwita Nouf jikoni nikamwambia, "Mwanangu, sharia inaruhusu. Hata akikubali kwa kichwa tu, ndoa inasihi."

"Najua, mama. Lakini mimi nnataka nimsikie baba. Mara moja tu. Sitamuomba jengine."

Nikampelekea Shurooq ombi hilo. Alifikiri, kisha akasema tuyatoe maneno ya wimbo kidogo kidogo, tuyatie ya akdi mahala pake, sauti ibaki ile ile. Miezi mitatu tulifanya hivyo, kila asubuhi baada ya chai. Mimi naanza kuita kwa maneno ya Roscoe, na yeye, badala ya kuitika kwamba atakuja, anaitika kwa Kiarabu: zawwajtuka, nimekuozesha. Mwanzo ilitoka "zaww" tupu. Kisha neno zima. Kisha "binti yangu". Wiki ya mwisho ikatoka sentensi kamili, na jina la Nouf mwishoni, na kila siku sauti ya kuimba ikipungua na ya kusema ikizidi. Nouf alikuwa anakata vitunguu aliposikia jina lake mara ya kwanza. Alikaa chini sakafuni pale pale na kisu mkononi.

Lakini bila ya mimi kuanza, hakuna kitu. Na akdi ni ya wanaume.

Tukaomba ifanywe nyumbani, kwa kuwa Saeed yuko kwenye kigari cha wagonjwa. Wanaume wawe majlisi, sisi chumba cha pili, na baina yetu mlango una pazia tu. Tulipanga hivi: nitakaa kiti cha mwanzo karibu na pazia, sheikhe akimwambia Saeed "sema", mimi nitauvumisha ule mstari taratibu, bila ya maneno, Saeed atausikia, ataitika. Tukafanya na jaribio. Saeed majlisi, mimi nyuma ya pazia, Nouf na Anas wanatazamana. Nilivumisha, na akasema yote. Anas akambusu babake kichwani.

"Mama, ushaona?" Nouf akanambia. "Wewe tu usiogope."

"Mimi? Wewe unanijua mimi?" nikamjibu.

Alhamisi baada ya alasiri wakaja. Tulitaraji watu kumi na tano kutoka kwa Ayman, wakaingia arubaini, wazee wenye ndevu nyeupe na majambia viunoni, babu yake Ayman ameshikwa mikono miwili. Chumba chetu nacho kikajaa. Mama yake Ayman, Bibi Sayyida, mwanamke mpole mwenye tasbihi, akaja akakaa kiti cha pili, ubavuni mwangu, goti lake limegusa goti langu. Nyuma yetu shangazi zake sita. Wote wakanyamaza ili wasikie khutba ya sheikhe. Kimya kile sikukipangia. Siku ya jaribio kulikuwa na kelele za friji na watoto, sasa ilisikika hata tasbihi ya Bibi Sayyida.

Khutba ikamalizika. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona Saeed. Kanzu yake niliipiga pasi mara mbili. Kilemba kimekaa vizuri. Mkono wa Ayman umo ndani ya mkono wake wa kushoto. Sheikhe akamwinamia akasema kwa upole, "Sema, baba Anas. Zawwajtuka."

Saeed akageuza uso kwenye pazia.

Nilivuta pumzi. Mstari ninao, maneno sita, nimeuimba kila asubuhi miezi mitatu. Na palepale nikajisikia mimi ni nani: mwanamke wa miaka sitini na sita, bibi wa watu, amekaa na mama wa bwana harusi, anataka kumwimbia mwanamume wimbo wa mapenzi wa Kimarekani mbele ya wazee arubaini, katikati ya akdi. Watasema nini? Watasema Wazanzibari ndio zao, hata akdi wanaitia ngoma. Watasema hivyo leo, na kesho Nouf ataishi nao. Nikaishusha ile pumzi bila ya mstari. Sisemi niliuzuia, lakini sisemi pia kwamba niliupigania.

Sheikhe akarudia, "Sema, zawwajtuka." Saeed mdomo wazi, macho kwenye pazia. Nouf, aliyekuwa upande wa pili wa chumba na shela yake ya kijani, akanitazama. Akatikisa kichwa kidogo: haya, mama. Bibi Sayyida akaweka mkono wake juu ya wangu, akaninong'oneza kwa Kiarabu, "Usihuzunike, dada yangu. Mungu anajua nia yake." Mkono ule ulikuwa mwepesi, ningeweza kuuondoa.

Mara ya tatu. "Sema, baba Anas."

Saeed akangoja. Nilimwona anavyongoja. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo, ndilo lililoniua: alikuwa anangoja kama mtu anayejua mwenziwe yupo, anasafisha koo tu.

Halafu mdomo ukafungika, taratibu. Sheikhe, Mungu amlipe, hakumtia aibuni. Akamuuliza, "Umemfanya mwanao Anas wakili wako?" Saeed, uso bado uko kwenye pazia, akakubali kwa kichwa. Anas akatamka. Ayman akasema amekubali. Ndoa ikasihi, haina kasoro yoyote kwa Mungu wala kwa serikali.

Shangazi sita wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga. Sikukusudia, ni mazoea ya mwili, mwanao anaolewa unapiga. Kikatoka kikali kuliko vyote, kikapanda, kikavunjika katikati, kikashuka kikohozi, na chumba kizima kikacheka kwa furaha.

Kwenye upenyo wa pazia nikamwona Saeed amekisikia. Kigelegele hicho anakijua tangu kabla hatujaoana. Sasa alijua kwamba nilikuwa nimekaa pale pale, hatua tatu, muda wote, na kwamba sauti ninayo. Akainamisha kichwa akawa anatazama mkono wake uliokufa, na watu wakaja kumpa mkono wa pongezi mmoja mmoja, wakadhani machozi yale ni ya baba anayeozesha.

Roscoe nilimtukana miaka arubaini. Simjui, sijapata kumwona hata picha yake ya uzeeni.

Nouf hakunilaumu. Aliniaga kwa kunibusu mikono akasema, "Ndo hivo, mama, basi," na ningependa angenipigia kelele.

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, nilikaa mbele ya Saeed kama kawaida yetu. Dirisha lilikuwa wazi, jirani yuko uani anamwagilia, na nikaimba ule mstari wote, na maneno yake, kwa nguvu, hata jirani akageuka. Saeed alinitazama. Hakukasirika, hasira yake naijua, ningeifurahia. Alinitazama kama anavyomtazama Anas, kwa huruma, na mdomo wake haukufunguka.

Shurooq anasema tusikate tamaa, huenda ni uchovu, huenda ikarudi. Huu ni mwezi wa nne. Kila asubuhi baada ya chai naimba maneno sita, kisha nanyamaza, namngoja. Kisha naanza tena.